Kabla ya Kisu, Ulizeni Kipimo

(Haya ni maneno niliyowaambia wazazi na mareko, wale wajitolea wa afya wa mitaani, katika ukumbi wa parokia moja ya Kadutu, Bukavu, mashariki ya Kongo. Wengi walikosa nafasi ya kuingia, wakaniomba niyaandike.)

Jambo kwenu, wamama. Jambo kwenu, wababa. Na nyinyi mareko wetu, mnaopanda na kushuka milima hii na madaftari yenu mvua ikiwanyeshea, jambo sana.

Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto katika mji huu kwa miaka 22, na baadhi ya watoto hao leo wanakuja kwangu na mimba zao wenyewe. Nimekuja hapa kwa sababu ya swali moja.

Juma lililopita, kule CPN, kliniki ya wajawazito, alikaa mbele yangu msichana mwenye mimba ya miezi mitano. Nilipomwambia kwamba tutachukua damu kidogo tupime virusi vya sida, homa ya ini na kaswende, akauficha mkono chini ya kitenge. Nikamwuliza, binti yangu, unaogopa sindano? Akasema: "Hapana, mama. Naogopa kisu. Jirani yangu walimpima, wakamwona na virusi, wakampasua. Mimi sina wa kunilipia kisu. Afadhali wasinipime."

Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimezoea kusikia wanawake wanaoogopa jibu, wanaomwogopa mume, wanaoogopa midomo ya mtaa. Huyu alikuwa anaogopa chumba cha upasuaji, na kwa ajili ya woga huo alikuwa tayari kubeba mimba gizani mpaka mwisho. Nilijua si yeye peke yake. Ndiyo maana niliomba wazee wa mtaa wanipe saa moja nanyi.

Nianze na lile ninaloliamini kabisa: jina la ugonjwa peke yake halitoshi kumpeleka mama kwenye kisu. Tunaangalia virusi ni vingi kiasi gani, viko wapi katika mwili, na mama amefika saa ngapi. Kwa ugonjwa mmoja kisu kinamwokoa mtoto, kwa mwingine hakimsaidii hata kidogo, na kwa mwingine kinaweza kumwua mama pamoja na wanaomhudumia.

Mtoto anapatwaje? Akiwa tumboni, damu yake na damu ya mama hazichanganyiki. Chakula na hewa vinapita kwenye kondo la nyuma kama tui linavyopita kwenye chujio. Kuna virusi vinavyopenya hapo, lakini vingine vingi vinasubiri siku ya kuzaa. Siku hiyo uchungu unalibana kondo, na damu kidogo ya mama inavuka. Chupa, yaani mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, ikipasuka, mtoto hana tena ukuta. Halafu anapita njiani, na macho, mdomo na ngozi yake laini vinagusa damu na ute wa mama. Ndipo watu wenye akili wakasema: kama hatari iko mlangoni, tumtolee dirishani.

Kwa virusi vya sida wazo hilo lilikuwa na haki yake. Mwaka 1999 madaktari wa Ulaya walitangaza matokeo ya utafiti. Kwa wamama waliopangiwa kupasuliwa kabla uchungu haujaanza, watoto wasiofika 2 kwa 100 walipata virusi. Kwa waliopangiwa kuzaa kwa njia ya kawaida, walizidi 10 kwa 100. Tofauti kubwa. Mimi nilipokuwa mwanafunzi walitufundisha hivyo: virusi vya sida, kisu, basi.

Lakini uangalieni mwaka wenyewe. Wakati ule mama alikuwa anapewa dawa moja, au hapewi kitu. Leo mama anameza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Akikimeza bila kukatisha, kwa miezi michache virusi vinashuka mpaka mashine haivioni tena. Mama wa namna hiyo akizaa kwa njia yake ya kawaida, hatari ya mtoto kuambukizwa wakati wa kuzaliwa iko chini ya 1 kwa 100. Kumpasua kwa ajili ya virusi hakumwongezei mtoto ulinzi wowote. Kinyume chake, mama asiyepata dawa yoyote, ukihesabu mimba, kuzaa na kunyonyesha, watoto kati ya 15 na 45 kwa 100 wanapatwa. Kwa hiyo kidonge kile cha kila siku ndicho kinachofanya kazi kubwa, na kisu kinabaki kwa wale ambao kidonge hakijawafikia vizuri.

Ndio akina nani hao? Kuna kipimo cha wingi wa virusi katika damu. Kikionyesha kopi zaidi ya 1,000 katika mililita moja siku za kuzaa zinapokaribia, au kama mama ameanza dawa jana na hakuna anayejua virusi ni vingapi, hapo kisu kina maana. Kinapangwa kwenye wiki ya 38, kabla ya uchungu, kabla ya chupa kupasuka. Shikeni neno hilo, kupangwa. Mama akifika chupa imeshapasuka tangu asubuhi na njia imefunguka, kumkimbiza kwenye kisu kwa sababu ya virusi peke yake kunampa jeraha, na faida aliyoitafuta imeshapita.

Sasa niwape habari ya mama mmoja wa Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu. Alikuwa amekunywa dawa zake miaka mitatu bila kuruka siku. Alikuja kuzaa mtoto wa kwanza hapa mjini, katika nyumba ya wazazi ambayo sitaitaja. Waliona alama kwenye fishi, kadi yake ya kliniki, wakampasua. Hakuna aliyeuliza wingi wa virusi. Hakuna aliyemwuliza yeye. Mtoto alitoka mzima, hana virusi, na watu wote wakasema kisu kimemwokoa. Mimi nasema dawa zilikuwa zimemwokoa zamani.

Baada ya miaka miwili akabeba mimba ya pili. Kwenye mfuko wa uzazi alikuwa na kovu, na mama mwenye kovu anapaswa kuzalia mahali penye daktari wa kupasua. Yeye alikuwa kisiwani, hela ya kuja kusubiri mjini haipo. Uchungu ukamshika usiku. Ziwa lilikuwa limechafuka, mwenye mtumbwi akakataa kutoka mpaka kupambazuke. Walimfikisha kwetu saa tano asubuhi, amelazwa juu ya mbao, kitenge kimelowa maji ya ziwa na damu. Niliweka mkono tumboni nikajua kabla dokta hajafika: mtoto nilimgusa chini ya ngozi tu, mkono wake niliuhesabu vidole. Mfuko ulikuwa umepasuka kwenye kovu. Mtoto alikuwa amekufa, na ili mama apone ilibidi mfuko utolewe. Alikuwa na miaka 24.

Virusi vya sida havikufanya jambo hilo. Kovu lisilokuwa la lazima ndilo lilifanya.

Ndiyo maana nakasirika, naomba mnisamehe sauti ikipanda, ninapoona mtu anaiga maneno ya Ulaya bila kuuliza mama huyu atarudi wapi. Kule mwanamke mwenye kovu yuko dakika kumi na hospitali. Huku yuko Idjwi, yuko Bunyakiri, yuko ndani ya msitu wa Shabunda. Jeraha la kisu linaweza kuingia uchafu. Damu inahitajika, na ndugu wanazunguka mji mzima kutafuta mtu wa kutoa. Halafu kuna bili. Nimewaona wazazi waliokaa wiki tatu kwenye benchi la nje, mtoto mikononi, wamepona, wamezuiliwa kwa sababu bili haijalipwa. Kisu nakipenda kinapohitajika; nimekiona kikimtoa mtoto aliyekuwa anakwenda. Lakini kila kisu kina mimba inayokifuata, na mimba hiyo lazima nayo ihesabiwe.

Basi mama mwenye virusi vya sida akizaa kwa kawaida, sisi tunafanya nini tofauti? Niwapeleke ndani kidogo, maana watu wanadhani tunavaa nguo za ajabu na kumtenga. Anazalia kitanda kilekile. Glovu navaa kwa kila mama, hata kwa mke wa askofu kama angekuwepo. Chupa siipasui ili uchungu uende haraka; naiacha ipasuke yenyewe. Siingizi vidole kila saa, ila vinapohitajika. Njia siichani kwa mazoea kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Mtoto akitoka nampangusa damu na ute kwa kitambaa safi, na simsukumii mpira mdomoni kama analia vizuri. Kitovu nikikikata nakifunika na kitambaa cha gozi ili damu isiruke. Halafu naleta chupa ndogo ya nevirapini, dawa ya kumkinga mtoto na virusi, na bomba la sindano lisilo na sindano, namdondoshea mtoto kwenye shavu la ndani. Mtoto anakunja uso, analamba, analamba tena. Dawa hiyo mama anaendelea kumpa nyumbani kila siku kwa wiki 6. Mtoto mwenye hatari zaidi dokta anamwongezea. Ananyonya ziwa la mama yake, mama akiendelea na kidonge chake. Akifika wiki ya 6 tunamchoma kisigino, matone ya damu yanaingia kwenye duara za karatasi, karatasi inakauka, inakwenda maabara. Siku ya jibu hilo nimeona wababa wakubwa wakilia kama watoto.

Nije kwenye homa ya ini ya aina B. Hii nitaisema upesi kwa upande wa kisu, kwa sababu jibu ni fupi: kisu hakihitajiki kwa ajili yake. Mama azae anavyozaa. Lakini kwa upande wa mtoto naomba mnisikilize sana, maana hapa ndipo tunapolala. Mtu mzima akipata homa hii, mara nyingi mwili unaishinda. Mtoto akiipata siku anayozaliwa, watoto 9 kwa 10 wanabaki nayo maisha yao yote. Wanakua, wanasoma, wanaoa, halafu wakiwa na miaka arobaini ini linakauka au linaota kansa, na familia inaanza kutafuta nani kamroga. Kinga ni chanjo ya homa ya ini mtoto apewe ndani ya saa 24 za kwanza. Ile ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano, anayopewa wiki ya 6 ni nzuri, ila kwa mtoto wa mama mwenye virusi vingi inafika mlango umeshavunjwa. Kwa hiyo mama ambaye fishi yake inaonyesha homa ya ini B, yeye na mume wake watafute chanjo hiyo kabla ya siku ya kuzaa, waulize iko wapi, ihifadhiwe kwenye baridi wapi. Na wenye virusi vingi sana wanaweza kupewa tenofoviri, dawa ya kushusha virusi, katika miezi ya mwisho. Hela ambayo ingekwenda kwenye kisu kisicho na kazi, iende huko.

Sasa kuna ugonjwa ambao watu hawautaji hata kwa mkunga. Malengelenge ya sehemu za siri. Herpesi. Vinatoka vilengelenge vidogo vimekaa kama kundi, vinauma, vinapasuka, vinakuwa vidonda, vinakauka, halafu baada ya miezi vinarudi palepale. Mama anaona haya, anajipaka dawa ya kienyeji, ananyamaza.

Wamama, hapa kisu kinaweza kuwa rafiki wa kweli. Mama akivipata kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba, mwili wake bado haujatengeneza askari wa kumpa mtoto. Mtoto akipita njia yenye vidonda hivyo, hatari ya kuambukizwa ni kati ya 30 na 50 kwa 100. Na herpesi kwa kichanga si vilengelenge tu. Inaingia kwenye ubongo na ini, na inaua. Lakini mama ambaye amekuwa navyo miaka mingi na vinarudi mara moja moja, mwili wake umeshatengeneza askari na umempa mtoto wake. Kwake hatari iko chini ya 3 kwa 100. Tunampa asikloviri, dawa ya kuzuia virusi hivyo, kuanzia wiki ya 36 ili vidonda visitoke siku hiyo, na akifika hana kidonda wala dalili yake, anazaa kwa kawaida. Akifika ana vidonda, tunampasua.

Mnaona? Ugonjwa mmoja, jina moja, wanawake wawili, njia mbili. Na anayeweza kunipa tofauti hiyo ni mama mwenyewe kwa mdomo wake. Mashine ya kunionyesha hayo sina. Niambie tu, "mama, vilinitoka mara ya kwanza mwezi uliopita." Maneno hayo machache yanamwokoa mtoto. Mume hahitaji kuyasikia kama hutaki. Nitamtuma akanunue maji.

Mnajua kilichotokea Kamituga mwaka 2023. Mpox, ile wengine wanaita ndui ya nyani, ilienea pale kwenye machimbo ya dhahabu na sura mpya, ikipita sana katika kulala pamoja, vidonda vikiwa sehemu za siri. Tangu pale ikashuka mpaka huku mjini, na tarehe 14 Agosti 2024 dunia nzima ikatangaziwa hatari. Kwa wajawazito ugonjwa huu ni mchungu. Kule Kole, katika Sankuru, madaktari walifuata wajawazito 4 walioupata kati ya 2007 na 2011: mmoja tu alizaa mtoto mzima. Wawili mimba zilitoka, na wa nne mtoto alifia tumboni, na vipele vilionekana mwilini mwake. Mama akifika kuzaa na vidonda vya mpox njiani, madaktari wanafikiria kisu ili mtoto asivipitie. Kama hana vidonda njiani, azae kwa kawaida, halafu mtoto alindwe asiguse vipele vya mama mpaka apone. Mareko, mkimwona mjamzito ana homa na vipele, msimwambie asubiri siku ya CPN. Mleteni leo.

Na Ebola. Agosti 2019 ilipofika Mwenga, katika mkoa wetu huu, mimi mwenyewe niliogopa kugusa damu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Ugonjwa ule wa 2018 mpaka 2020 ulichukua watu 2,287 katika wagonjwa 3,470, wengi wao Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwa mjamzito mwenye Ebola karibu kila mimba inapotea, na kisu kinamtoa damu mama ambaye damu yake tayari haigandi, tena kinamweka daktari na mkunga katika hatari kubwa. Hapo hatukimbilii kisu kwa ajili ya mtoto. Jambo ambalo wakunga wenzangu lazima walijue: mama anaweza kupona, damu yake ikawa safi, lakini maji ya chupa na kondo bado vina virusi. Mjamzito aliyepona Ebola azalie kwa watu wanaojua habari yake.

Korona siiwekei maneno mengi. Haikuwa sababu ya kumpasua mtu peke yake. Mama aliyeshindwa kupumua ndiye aliyehitaji uamuzi wa haraka.

Sasa wababa na wakwe. Katika nyumba zetu, mama akishikwa na uchungu, neno la kisu linaamuliwa barazani, simu zinapigwa kwa shangazi aliye Uvira, kwa baba mkubwa aliye Kinshasa, na mama analia ndani. Nimesikia pia ile lugha ya wakwe, eti huyu hakuzaa, alipasuliwa tu. Mama mkwe anayesema hivyo hajamwona mwanamke akiamka kutoka kwenye dawa ya usingizi akiuliza kama mtoto analia. Ongeeni mapema. Mimba ikifika miezi saba, mume na mke wakae na fishi mkononi. Kama kuna virusi vya sida, waulize kipimo cha wingi wa virusi kilifanywa lini na kilisema nini. Kama hakijafanywa, kiombeni sasa, kwa sababu damu inasafiri, njia zinafungwa, na jibu linaweza kuchukua wiki nyingi. Dawa zikikosekana kwenye kituo chenu, msikae nyumbani mkingoja. Njooni mtuambie tuwatafutie kituo kingine. Kama mama ana kovu la zamani, mjue siku hiyo atalala wapi, nani ana moto, yaani pikipiki, ya kumbeba, na mtoto mkubwa atabaki na nani.

Na daktari akisema kisu, muulizeni: kwa sababu gani? Ni haki yenu. Daktari mzuri hakasiriki. Atawaambia mtoto amekaa vibaya, au damu inatoka, au virusi ni vingi. Akisema tu "kwa sababu ana virusi", mwombeni awaonyeshe kipimo.

Yule binti wa CPN niliyemtaja mwanzo, nilimweleza haya yote tukiwa wawili, kwa maneno machache zaidi. Akautoa mkono chini ya kitenge. Jibu lake ni lake na Mungu wake na mimi. Ila Alhamisi atarudi, na nimemwandikia pembeni ya fishi, kwa wino mwekundu, kwamba hakuna atakayempasua bila kuniita.

Nimemwona mama mwenye kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu niliposema habari ya vidonda, na ameushusha mara mbili. Wababa, naomba mtoke nje kidogo mpige stori. Mama, sogea hapa mbele, uliza.